Alama Nilizompa Kambale

Butembo, Jumatano. Ukungu haujaondoka tangu alfajiri, na kifua changu kinakoroma.

Nimeficha uongo kwa miaka mingi. Ripoti yangu, iliyosema kwamba fomu ya kuwapima watoto wenye kesi inaaminika, niliighushi.

Fomu ile ilikuwa ya maswali na alama. Alama nyingi, mtoto ni hatari. Chache, arudi kwao. Nilipewa kazi ya kuijaribu kabla mahakimu hawajaitegemea. Kanuni ilikuwa moja: watu wawili wampime mtoto yuleyule, kila mmoja peke yake. Alama zao zikikaribiana, fomu ni nzuri.

Kambale alikuwa na miaka kumi na mitano. Kule Beni watu walimkamata, wakasema amemkata dereva wa pikipiki kwa panga. Walimponda kwa matofali, wakamvika tairi shingoni, wakammwagia petroli. Polisi walimwokoa kiberiti kimeshawashwa.

Mwenzangu, Mama Béatrice, mwalimu aliyetoka Kasai, alipanda pikipiki akaenda kumwona kwenye selo. Alirudi na alama sita. Mimi nilikuwa nimempa ishirini na moja.

“Vieux, mzee wangu, ule mutoto hapana muuaji,” aliniambia. “Akisikia pikipiki, anajikojolea. Weye uliona nini?”

“Niliona panga.”

“Panga! Mu Beni nani hana panga? Hata padri iko nayo.”

Nilicheka. Alipotoka nilifuta sita yake, nikaandika ishirini.

Ripoti ikapendeza. Hakimu akasoma alama, akampeleka mtoto gereza la wakubwa. Siku ya tisa wafungwa walimpasua kichwa kwa chuma cha kitanda, akafa. Waligombea sahani ya maharagwe.

Mama Béatrice hakunisemesha tena mpaka alipohamishwa.

Leo mama yake Kambale amekuja. Huja kila mwezi na ndizi, anipikie, kwa sababu anaamini mimi ndiye mtu wa mwisho aliyemsikiliza mwanawe. Aliketi kitandani, miguuni pangu.

“Papa, uniambie tena. Mutoto yangu alikuambia nini ile siku?”

“Alikuita, mama.”

“Kwa jina?”

“Kwa jina.”

Akalia. Kisha akanivutia blanketi mpaka shingoni, akanibariki.

Ninaona aibu hata kupumua mbele yake.

Nilimpa jibu hilo mara ya kwanza ili anyamaze. Sasa analiishi. Nikifa nalo, atanizika kama mtu mwema, na hilo sitaki. Asubuhi nitamtuma mtu amwite, nimsomee maneno haya mwenyewe, sauti ikinitosha.

Mama, wiki ile barabara ya Beni ilikuwa na risasi, nami niliogopa. Fomu niliijaza hapa Butembo, mezani, nikinakili karatasi ya polisi. Mwanao sikumuuliza swali hata moja. Uso wake niliuona mara moja tu, mochwari, nilipoitwa kutia sahihi kwamba ni yeye.