Kahawa ya Chini ya Goti

Dukagjin, 3 Machi 1994

Mwanangu Pashk,

Upo? Unakula? Huko Shkodra kwenye tanuri la matofali wanakupa hata supu? Mimi nipo, ila goti la kushoto linanitesa, kupanda ngazi ni kilio.

Haya, niambie. Jirani yetu Prelë kampiga baba yako risasi akamuua, kwa ajili ya mfereji wa maji. Ukachukua bunduki ukaenda kumvizia, ukarudi hujafyatua, ukaondoka bila neno. Kulikoni? Baba yako mdogo Marash anasema umeogopa. Unajua asiyelipiza damu ya baba yake anavyopewa kahawa: inapitishwa chini ya goti la mwenye nyumba, ili aaibike. Lule, binti wa Marash, anaolewa Mei, na Marash ameapa kukupa hivyo mbele ya wageni.

Mama yako,
Drande

Shkodra, 20 Machi

Mama mpendwa,

Pole na goti. Mimi mzima, mikono tu imechunika.

Sikuogopa. Prelë alitoka mchana kupasua kuni, nikamlenga kifuani. Hapo Mungu akanijia. Usicheke. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Nilijua tu kwamba yupo nami pale nyuma ya ukuta, ananijua mpaka uchafu wangu, na ananipenda, mimi mwenye bunduki mkononi. Na Prelë vilevile. Nililia huku nimeng'ata koti asinisikie. Tangu siku hiyo mimi ni wa Yesu, na simuui mtu. Mwambie baba mdogo.

Mwanao,
Pashk

Dukagjin, 9 Aprili

Pashk,

Salamu sina. Mungu! Nyumba hii imebatizwa tangu enzi za mababu, msalaba uko juu ya mlango, na hakuna aliyewahi kutusumbua na habari hizo. Baba yako yumo udongoni, Prelë anapasua kuni, nawe unaniletea mapenzi! Ukija harusini hujalipiza, usiniite mama.

Drande

Shkodra, 25 Aprili

Mama,

Nitakuita tu, hata ukiziba masikio. Goti linaendeleaje?

Nakuja. Bunduki ibaki ukutani. Wakinipa kahawa chini ya goti nitainywa yote, na nitaomba ya pili. Aliyenipenda nikitaka kuua hatanitupa kwa sababu ya Marash. Baba namlilia kila siku, hilo usinifundishe.

Mwanao, utake usitake,
Pashk

Dukagjin, 18 Mei

Mwanangu,

Ulifika salama? Uliondoka sijakuaga, na roho inaniuma.

Nilisimama mlangoni na birika, nikaona yote. Marash akapitisha kikombe chini ya goti lake. Ukakipokea kwa mikono miwili, ukanywa mpaka machicha, ukasema, "Ahsante, baba mdogo. Kuna nyingine?" Mwoga hasemi hivyo. Mle ndani ni wewe peke yako uliyekuwa humwogopi mtu.

Ulipotoka, akaninyooshea kikombe chake nimwongezee. "Shemeji," anasema, "huna mwana tena, una binti sasa." Nikamimina. Kisha nikainua mguu wangu huu mbovu mbele ya wanaume wote, nikampitishia kahawa yake chini ya goti. Weee! Ungeona masharubu yanavyotetemeka! "Kunywa," nikamwambia. "Mwanangu kanywa."

Bunduki nimeishusha ukutani, nimeifungia sandukuni. Goti limevimba, hata mbuzi siwezi kuwakamua. Huyo Mungu wako, mwambie mama yako anaumwa goti. Mimi bado naona haya kumwambia mwenyewe.

Mama yako,
Drande