Mpungate Uliotupwa Mwambani

Mfangano,
31 Januari 1965

Kwa dada yangu Kultum,

Nakusalimu wewe, mumeo Mzee Farah na watoto wote wa nyumba yako. Je, kifua cha Mzee kimetulia? Sisi huku tunapumua. Dolphine amerefuka, lile gauni ulilomshonea sasa linaishia magotini. Mdogo wake Onyango alikuwa na kikohozi lakini kimepungua.

Dada, ile mipungate uliyonikatia nyuma ya banda lenu la ngozi ilifika salama. Kwenye boti watu walinipa nafasi ya kukaa peke yangu kama chifu, kwa kuogopa miiba. Nimeipanda mstari mmoja, ule upande ambao mbuzi na ng'ombe wa shemeji yangu Cephas huingilia kula muhogo wangu.

Unajua tangu ziwa lilipopanda na kumeza boma letu la zamani kule chini, mimi na marehemu Nashon tulihamia huku juu kwenye mawe. Nashon alilifyeka shamba hili kwa mikono yake kabla ugonjwa haujamchukua. Leo Cephas anasema ni lake, kwa sababu kila kitu cha ndugu yake ni chake, na mimi nikiwemo.

Sasa jua limeichoma mipungate yote. Ilianza kugeuka manjano, kisha ikawa na mabaka meupe kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa na uji wa moto. Namwagilia asubuhi na jioni, ndiyo kwanza inazidi. Cephas alipita na fimbo yake akasimama kuitazama.

"Shemeji," akasema, "hata mti wa jangwani umekataa kukaa na wewe."

"Mti haujasema neno," nikamwambia. "Ni wewe unayesema."

Akacheka. Akaniambia tukishavuna mtama ataleta kiti chake nyumbani kwangu, anirithi kama desturi inavyotaka. Nikikataa, njia ya kwenda kwenye boti haijafungwa. Mimi ni Msabato, nilibatizwa siku moja na Nashon, na kurithiwa sitaki. Hata nisingebatizwa, Cephas nisingemtaka. Mama mkwe yuko hapo kwake, amewazaa wote wawili, hasemi kitu. Anatutazama tu.

Niambie kama nimeiua mipungate yako.

Ni mimi dada yako,
Filister


Migori,
14 Februari 1965

Kwako nyamera Filister,

Unaona sijasahau neno la kwenu la kumwita dada ulilonifundisha, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Tuko wazima, ila Mzee Farah bado anakohoa usiku na mchana anakataa kwamba anakohoa.

Kwanza, weka chini hilo debe la maji. Mpungate uliochomwa na jua hauna kiu. Una maji tele tumboni na bado hauna mizizi ya kunywa mengine. Ukiumwagilia utauozesha, na hapo ndipo utakufa kweli.

Kosa ni langu, kwa hiyo usijilaumu. Nilikukatia vipande vilivyokulia kwenye kivuli cha banda. Hivyo ni watoto wa ndani. Wewe ukaviweka juu ya mawe, mahali jua linapiga mara mbili, kutoka mbinguni na kutoka kwenye maji ya ziwa. Hata mtu akitoka gerezani macho humuuma.

Nilizaliwa Rumuruti, na huko boma la ng'ombe lilizungushiwa mpungate. Mama yangu alikuwa akifanya hivi. Chukua mikeka mikuukuu ya mafunjo, uisimamishe kwa vijiti upande jua linakotokea mchana. Usifunike kabisa, acha mwanga upenye. Baada ya muda, punguza mikeka kidogo kidogo, mmea uzoee. Halafu bonyeza kila baka kwa kidole. Likiwa gumu na kavu, liache. Likiwa laini, jeusi na linanuka, kata sehemu hiyo kwa kisu safi, uache kidonda kikauke kabla ya kurudisha kipande udongoni.

Usingoje yale mabaka yarudi kijani. Hayarudi. Yatakuwa magumu, rangi ya kahawia kama gome, na yatabaki hivyo maisha yote. Wewe tazama ukingoni, kwenye vile vijicho vinavyotoa miiba. Kipande kipya hutokea hapo. Na ukiona mmea unageuka mwekundu au zambarau, usishtuke. Hiyo ndiyo nguo yake ya kujikinga na jua.

Kuhusu huyo Cephas, Mzee Farah ananiambia nisiingilie mambo ya Wajaluo. Nimemwambia nimeingilia mambo ya mpungate tu. Lakini wewe nakwambia: usiache kiti chake kivuke mlango wako.

Dada yako,
Kultum


Mfangano,
9 Machi 1965

Kwa abaayo Kultum,

Nami nimelikumbuka neno lenu Wasomali la kumwita dada. Pokea salamu zetu. Onyango amepona, anakimbia.

Nilifanya yote. Mikeka niliomba kwa wavuvi waliokuwa wakiitupa. Vipande vitatu vilikuwa laini, nikavikata. Vingine vilikuwa vigumu kama ulivyosema. Wiki iliyopita vilianza kuwa na wekundu, nikafurahi badala ya kulia, na Dolphine akadhani mama yake amerukwa na akili.

Jumamosi tulikwenda kanisani. Tuliporudi hapakuwa na mstari. Cephas aliing'oa yote na kuirusha huko juu, kwenye mwamba ule mtupu unaotenga shamba langu na malisho yake. Mikeka aliichoma moto. Alikuwa amesimama hapo hapo, anatoa miiba kiganjani kwa meno.

"Mti wa Wasomali ni uchawi," akaniambia. "Nimeutoa nje ya ardhi ya baba yangu."

"Umeutoa kwa mkono gani?" nikamuuliza. Ulikuwa umevimba.

Akauficha nyuma ya mgongo. Alisema tu kwamba baada ya mvua atawaita wazee wa mipaka, waje waseme mbele ya watu kwamba hapa hapana boma la mjane asiyerithiwa.

Kanisani wengine wananiambia niondoke niende kwa kaka zangu, nisilete vita. Mwalimu wa Sabato alisema amani ni bora. Nikamuuliza amani ya nani. Akasema ataniombea.

Nilikusanya vipande vichache vilivyokuwa karibu, nikavipanda tena pale pale. Vile vilivyoruka mbali kwenye mwamba sikuvifikia, nilikuwa na homa na mwili wote hauna nguvu. Vimelala huko kifudifudi na chali, jua linavila.

Siondoki.

Dada yako,
Filister


Migori,
2 Juni 1965

Nyamera,

U mzima? Nimekuandikia Aprili, nimekuandikia Mei, na sijapata jibu. Dereva mmoja wa lori, Ryoba, Mkuria wa Ntimaru anayetuletea ngozi, alifika Homa Bay akaulizia gatini. Mtu wa boti akamwambia mjane wa Nashon amehama, au amekufa, hana hakika. Nimemwambia Ryoba arudi akaulize vizuri zaidi, maana hayo ni mambo mawili tofauti.

Huku askari alikuja dukani kwetu akataka kujua kwetu ni wapi, kwa sababu sisi ni Wasomali na kuna vita kule kaskazini. Nikamwambia kwetu ni hapa nyuma ya kaunta. Akaomba cheti cha kuzaliwa. Nikamwambia nilizaliwa Rumuruti na aliyeniona nikizaliwa ni ngamia, akamwite. Mzee Farah alinikanyaga mguu chini ya meza. Askari alicheka akanunua sukari akaenda. Atarudi, najua, na mimi nitakuwepo.

Nimempa Ryoba gunia la mpungate. Safari hii nimekata upande wa barabarani, wenye kupigwa na jua tangu utotoni, na nimeuacha ukauke vidonda. Kama upo, panda. Kama hupo, wampe Dolphine apande.

Niandikie hata neno moja.

Kultum wako


Mfangano,
22 Agosti 1965

Kwa dada yangu Kultum,

Nipo. Nakusalimu, na nisamehe mwandiko, bado sijapata nguvu zote. Natumaini nyote ni wazima na huyo askari hajawasumbua tena.

Malaria ilinilaza mvua yote. Kuna siku sikujua jina langu. Dolphine alipika, alichota maji, alipalilia. Barua zako zilikuwa kwa mwenye boti, alizihifadhi akidhani nimekufa na ataulizwa na ndugu. Gunia la Ryoba limefika na nimepanda lote.

Sasa nikwambie yaliyotokea, maana nimeyasubiri kuyaandika.

Cephas alipoona nimelala, aliwaachia ng'ombe wake wateremke kutoka malishoni. Walipofika kwenye mwamba walisimama. Fahali mmoja aliinama kula, akainuka anapiga kelele, midomo imejaa miiba. Wakageuka wote wakakimbia juu. Dolphine alikuja kuniambia, sikumwamini. Nilipopata nguvu nilijikokota mpaka huko kuona.

Kultum, vile vipande alivyovirusha vilishika. Juu vimeungua, vimekuwa vya kahawia na vigumu kama ngozi zenu bandani. Chini, upande uliolalia mwamba, vilikuwa bado kijani, na hapo ndipo vilipotoa mizizi na kuipenyeza kwenye nyufa. Mvua ilipokuja vikatoa vipande vipya ukingoni, viwili, vingine vitatu, laini kama masikio ya sungura. Bado ni vifupi, mbuzi mwenye nia anaweza kuruka. Lakini vimetapakaa kila alipovitupa, na alivitupa kwa nguvu, kwa hiyo vimevuka shamba langu vikafika kwenye malisho yake.

Wazee wa mipaka walikuja wiki iliyopita, mkubwa wao ni Mzee Javan. Cephas aliwatembeza. Alisema mengi kuhusu baba yake na babu yake. Walipofika mwambani, Mzee Javan alisimama, kwa sababu mwiba ulipenya viatu vyake vya tairi.

"Hii alipanda nani?"

"Ile ya chini nilipanda mimi," nikasema. "Hii ya juu muulizeni shemeji."

"Mimi siwezi kugusa uchafu huo," Cephas akasema.

"Basi imefikaje huku?" Mzee Javan akamuuliza. "Mti huu una miguu?"

 Cephas akikubali ameitupa, amekubali kwamba aling'oa ua wa mjane. Akikataa, basi mimi ndiye niliyepanda hadi huku juu, na yeye aliona msimu mzima asinizuie. Alikuwa anatazama chini, anafikiri, na wazee wanangoja.

Hapo mama mkwe alitoka nyuma ya watu. Unajua hajawahi kusema mbele yao. Alikuja taratibu na mkongojo wake.

"Nilimwona," akasema. "Aling'oa siku ya Sabato, mke wa Nashon akiwa kanisani. Nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu."

"Mama," Cephas akasema.

"Wewe ni mwanangu. Nashon pia alikuwa mwanangu, na huyo Onyango ni wake."

Wazee walikwenda kando wakazungumza. Waliporudi Mzee Javan alisema boma ni la Nashon, nalishika mimi hadi Onyango awe mtu mzima, na mpaka ni ule wa chini nilioupanda mwenyewe. Malisho yanabaki ya Cephas. Ile mipungate iliyo juu, alisema, aliyeitupa aiondoe kwa mkono wake kama anataka. Watu walicheka, na Cephas hakucheka.

Kuhusu kurithiwa, walisema hawamlazimishi mtu wa kanisa. Lakini na mimi nisitarajie mwanamume yeyote wa ukoo kuniezekea nyumba. Mjane asiyerithiwa hana mtu wa kupanda paa lake, na mwanamke hapandi. Hiyo ndiyo adhabu yangu. Paa limeoza upande wa ziwa, na mvua za vuli haziko mbali.

Dada yako,
Filister


Migori,
5 Septemba 1965

Nyamera Filister,

Nimesoma barua yako mara mbili kwa sauti, na mara ya pili Mzee Farah alifunga duka ili asikilize. Alicheka mpaka akakohoa. Mama mkwe wako mpe salamu zangu na hii kanga niliyoifunga pamoja na barua.

Kuhusu paa, naweza kumtuma Ryoba. Yeye ni Mkuria, desturi yenu haimfungi, na ni mwepesi kama nyani. Useme tu neno.

Dada yako,
Kultum


Mfangano,
17 Oktoba 1965

Kwa abaayo Kultum,

Nakusalimu tena, na namwombea Mzee Farah. Sisi sote ni wazima kabisa. Mama mkwe anavaa ile kanga hata shambani, anakataa kuifua isije ikapauka.

Ryoba usimtume. Nilifikiri sana nikaona, akija yeye watasema nimeleta mwanamume, na watakuwa wamepata wanachokitafuta. Tulikata nyasi mimi na Dolphine, tukazikausha, tukazifunga mafungu. Jumapili asubuhi niliegemeza ngazi ya Nashon ukutani nikavaa kaptura yake ya zamani chini ya gauni.

Watu walitoka. Walisimama njiani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mwalimu wa Sabato alipita, akanitazama, akatazama pembeni. Nilikuwa naogopa, sikufichi. Wanasema mwanamke akipanda paa la nyumba yake huita kifo. Nikajiambia kifo kilishakuja hapa bila kuitwa na mtu. Nikapanda.

Nyasi zilizooza zilitoka kwa mkono. Dolphine alikuwa ananirushia mafungu lakini hayafiki, ni mfupi. Nikasikia ngazi inatikisika. Nilipotazama chini nilimwona mama mkwe amesimama kwenye kidato cha pili, fungu la nyasi kichwani, mkono mmoja umeshika ukuta. Sikuthubutu kumwambia ashuke. Nilipokea fungu, akarudi kuchukua lingine.

Jua lilipokuwa limepanda, Cephas alikuja akasimama chini ya paa. Alikuwa peke yake, bila fimbo.

"Shuka," akasema. "Unatuaibisha. Mwanamke hakai juu ya paa."

"Nikimaliza nitashuka," nikamwambia, nikaomba kamba ya kufungia nyasi.

Mama yake ndiye aliyenipa.

Dada yako,
Filister