Sababu ya Mstari wa Tatu

Jumanne, Nyakuron

Sifuri tena! Na nisipofaulu hili somo la mantiki, kanisa halitanipa darasa la wakatekumeni, hao wanaojiandaa kubatizwa, nilifundishe.

Tulipewa mistari miwili: amani ikishika, wakimbizi watarudi; wakimbizi wakirudi, shule zitajaa. Tuthibitishe mstari wa tatu, kwamba amani ikishika, shule zitajaa. Kando ya jibu uandike kanuni iliyokufikisha hapo. Mimi nikaandika: kwa imani.

"Malesh, pole mama," akasema Mwalimu Wani, kijana mpole. "Imani si kanuni."

"Sawa, mwanangu. Na hii amani yetu, itashika kweli?"

"Itashika tu, mama."

"Kwa kanuni gani?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Sifuri yangu lakini hakuifuta.

Bwana, Ijumaa kwenye mtihani nitaandika kanuni. Amani nakuachia wewe.