Ng'ombe Yenye Ilivaa Pagne

Siku ya kwanza, 5 août 2024

Papa amekubali! Papa amekubali! Naandika mara mbili juu moja haitoshi.

Batu ya kwa Destin balifika asubuhi, bote na viatu vya cirage vinangaa, bakakaa ku viti vyenye tuliazima kwa mama Jeannine, jirani. Mimi nyuma ya rideau, ile pazia ya dirisha, moyo unaruka. Destin alitoka jasho mpaka mu masikio. Ni fundi wa ba téléphone, mikono laini, na kwao ni batu ya mashamba: muhogo, maharagi, hakuna hata mukia ya ng'ombe mu jamaa yote. Papa aliwaacha baongee mpaka bamalize. Kisha akasema sawa, Gracieuse ni wenu, lakini anataka ng'ombe. Moja tu.

Bakapumua! Siku hizi mu muji batu banatia bei ya ng'ombe mu envelopu, banamaliza. Papa akasema hapana. Ng'ombe iingie mu lupango, ndani ya fensi yetu, na miguu yake. Aiguse, aseme mbele ya batu kwamba ni yake. Akisema vile, mimi ni bibi ya Destin. Ile siku, mbele aseme ile neno, siwezi kutoka mu chumba, ndiyo desturi ya kwetu.

Baba mukubwa wa Destin alijaribu tena mambo ya envelopu, na heshima yote.

"Envelopu haina pembe," Papa alisema.

Bataileta siku ya posho, samedi tarehe 17! Leo nimeshona mukono wa blouse ya kliyenti upande wa ndani. Arudi kesho, leo sina kichwa.

Siku ya ine, 8 août

Chef ya avenue, Xavier, alipita juu ya moto yake, ile pikipiki ya kelele, na mégaphone yake. Huyu mutu anapenda mégaphone kuliko chakula. Kuanzia tarehe 15, ng'ombe hata moja isionekane mu muji. Mbuzi ifungwe kamba. Nguruwe ibaki mu kiraro. Mbwa yenye inatembea bila mwenyewe, inabebwa. Munyama ikikamatwa, mwenyewe atajibu na atalipa amende. Kama haina mwenyewe, ni ya commune, serikali ya muji.

Nilicheka! Avenue yote ni fujo, batu banafunga mpaka kuku. Mama Jeannine hana kiraro, ameingiza nguruwe yake mu salon. Nilikwenda kuomba chumvi, nikaikuta imelala mbele ya fauteuil, ikaniangalia sawa muzee wa kanisa anangojea nimusalimie. Nikamusalimia.

Nilikuwa narudi na chumvi yangu, bado nacheka, ndiyo maneno ya Xavier ikarudi mu kichwa. Tarehe 15. Ng'ombe hata moja.

Siye ni tarehe 17. Chumvi yote ikamwangika mu njia.

Siku ya tano, 9 août

Nilijaribu na Papa. Pole pole, na chai ya sukari mingi. Nikamwambia sheria ni sheria, labda envelopu...

Akanirudishia kikombe. Hakukasirika, afazali angekasirika. Aliangalia fimbo yake nyuma ya mulango. Toka tulikimbia vita kule kwetu Djugu inasimama pale, haina kazi. Ng'ombe zetu zilibaki kule, mwenye alizikamata hatumujui. Papa alikuwa anaziita na majina. Jioni anapiga muluzi mara moja, zinakuja zenyewe. Hapa Bunia sijasikia ile muluzi hata siku moja.

Akasema: kama siku ya posho ng'ombe haiingii, tutangojea turudi kwetu, mambo ifanyike kule vizuri. Turudi lini? Mwaka gani? Nitaolewa na meno gani?

Shangazi Scholastique, mwenye alinilea kisha Mama kufariki, akanivuta ku jikoni. "Baba yako hatafuti mali," akanongona. "Anatafuta neno la kusema."

Nililia ndani ya sufuria ya sombe. Halafu Destin akatuma message yenye kujaa mioyo nyekundu, nikacheka na machozi ingali ku shavu. Mimi ni mutu bure kabisa!

Siku ya Mungu, 11 août

Kisha misa Destin alikwenda kuomba ruhusa kwa Xavier. Xavier si mubaya, nakubali. Alieleza: ng'ombe ilikula mboga za mama moja ku soko, ingine ikaangusha motard na moto yake, batu bamechoka. Yenye inaweza kupita ni ya kwenda kuchinjwa ku abattoir tu, na karatasi. Destin akauliza, na adabu yote, kama ng'ombe yenye inakwenda abattoir inaweza kupitia kwa batu kuwasalimia.

Banasema Xavier alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema hapana. Akiikuta mu barabara, anairudisha inje ya muji, pamoja na mwenyewe.

Siku ya tatu, 14 août

Imepatikana! Kule ku njia ya Irumu, kwa bafugaji ya kabila yetu. Destin ametuma photo: rangi ya kahawa, nyota nyeupe ku paji. Yeye amesimama mbali nayo, anacheka na mudomo, macho hapana.

Nilimuonyesha Papa. Akavaa miwani. Akasema "mm". Jioni akaomba téléphone tena, kuangalia saa, eti. Nikachungulia: anaangalia masikio ya ng'ombe! Halafu akauliza, sawa mutu mwenye hana haja, kama inakula vizuri.

Na mimi nimepata akili. Naandika pole pole, nacheka peke yangu. Ba tantine ya Destin bote, ba shangazi yake, baliniletea pagne, kitenge moja ya famille, niwashonee, manjano na ndege za kijani. Imebakia mingi. Ku barabara batakuja kundi, kuimba na kucheza. Mu katikati, mwenye atahesabu miguu ni nani?

Siku ya tano, 16 août

Nimeshona robe ya ng'ombe!

Vipimo tulichukua kwa video. Nikamwambia Destin aanze na kifua. Akauliza kifua ya ng'ombe inaishia wapi. Akatupa mètre juu ya mugongo, ng'ombe ikageuka, akakimbia, nikabaki naangalia majani ku écran. Mwisho tukapima na kamba. Nimeshonea ba mama banene wengi mu huu muji, na bote banabishana ku kiuno. Hii haikubishana.

Nimetia kilemba pia, na tundu mbili za pembe. Toka mbali ni tantine mukubwa mwenye ameinama kutafuta kiatu.

Shangazi anasema nimepata wazimu. Lakini ni yeye alisema tuongeze frange, zile nyuzi za ku pindo.

Siku ya posho, 17 août

Niko mu chumba. Shangazi amefunga mulango, ufunguo ameuficha mu kifua. Dirisha yangu iko na vyuma, naona lupango yote. Papa amevaa koti ya misa, anakaa ku kiti, mikono ku magoti. Fimbo ingali nyuma ya mulango.

Nasikia nyimbo! Mbali, lakini ni bo, batu ya Destin!

*

Nyimbo imesimama. Destin anaandika: bamefika ku kona, ng'ombe imekataa. Anaivuta na kamba, yeye mbele. Mbele! Eh Mungu. Mutoto yeyote ya kwetu anajua unakaa nyuma, unaisukuma na sauti. Bwana arusi wangu hajui, muhogo haijamukatalia njia hata siku moja. Na moto ya Xavier inasikika.

Nikaita ku dirisha: Papa, imekataa, iko ku kona, na chef anakuja! Papa akageuza kichwa upande wa kona. Akasimama. Akatia vidole viwili mu kinywa.

Akapiga muluzi.

Ile ya Djugu! Ndefu, inapanda, halafu inakatika. Shangazi akaangusha sahani. Mimi nikashika vyuma na mikono miwili.

Ng'ombe haijui Papa. Lakini ile muluzi inaijua, batu ya kwetu ndiyo baliilea. Nikasikia makelele ku kona, halafu kwato. Ikaingia lupango yenyewe, mbio, kilemba ku pembe moja, frange inaruka, kamba inavuta vumbi nyuma. Ikapita Papa. Ikapita mandazi ya mama Jeannine. Ikakuja moja kwa moja ku dirisha yangu na sasa inakula rideau.

Na nyuma yake nani? Destin? Hapana! Xavier, na vijana yake wawili. Destin na jamaa bote bangali mbali, banakimbia na viatu vya cirage.

Xavier akazima moto. Akatazama ng'ombe, akatazama pagne. Naona alikuwa anajikaza asicheke. Akamuuliza Papa, bila mégaphone:

"Muzee Anaclet, hii ng'ombe ni ya nani? Kama haina mwenyewe, ni ya commune."

Batu ya avenue bote ku fensi. Papa akakaribia. Akaweka mukono ku mugongo yake, juu ya zile ndege zangu za kijani, akauacha pale.

"Ni yangu," Papa alisema. Akageukia fensi, batu bote basikie. "Hii ni yangu."

Shangazi akapiga vigelegele! Nimeolewa! Nimeolewa na mutu mwenye bado anakimbia!

*

Xavier anasema asante muzee, mwenyewe amepatikana, sasa aitoe inje ya muji. Vijana banavuta mukia. Nimepitisha kamba mu vyuma ya dirisha, nimeifunga ku muguu ya kitanda, nimekaa juu ya kitanda na cahier, naandika. Naweza kutoka sasa, niko bibi ya mutu! Lakini ufunguo uko mu kifua ya Shangazi, na Shangazi anacheza.

Kitanda kimesogea.

Sauti ya Destin ku mulango wa lupango, hana pumzi, anaomba mutu amuelezee. Hakuna mwenye anamuelezea. Kitanda kimesogea tena, niko karibu na dirisha, ng'ombe inanipumulia ku cahier. Papa amekuja. Ameshika fimbo. Anacheka — Papa anacheka! — na machozi yanashuka bila yeye kuyapanguza. Ameinama ku vyuma:

"Mama, usiachilie."

Siachilii. Naandika na mukono wa kushoto, wa kulia uko ku kamba, na kitanda kinatem