Pombe Iliyogoma Kuchachuka

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Babu yako anakohoa kidogo, na ng'ombe amezaa ndama jike. Bomba la kisima cha bondeni lilioza, tumegongelea jipya ardhini na kumwaga dawa ya kuua vijidudu kisimani. Unauliza kwa nini nazuia watu kuchota mpaka harufu iishe.

Nilikuwa msichana tulipogongelea lile la kwanza. Fundi alimwaga dawa, akatuambia tusubiri harufu iishe, lakini wakwe wa dada yangu walikuwa wanakuja na pombe ya ndizi haijatengenezwa. Mama akachota. Akakamua ndizi, akatia maji na mtama, akafunika. Wageni walipofika akafunua: juisi tamu tupu, hata povu hakuna. Mama alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga.

Mzee wa upande wa bwana harusi akaonja, akacheka. "Basi leo na watoto watakunywa nasi." Tukanywa wote chungu kimoja, na dada akaolewa.

Walipoondoka, mama aliniita taratibu. "Kama dawa imeua pombe," alisema, "huenda itauweza na ule ugonjwa wa kuhara uliowachukua wadogo zako."

Editha, ndiyo maana naiacha dawa imalize kazi yake: baada ya hapo hatukuzika tena mtoto.

Ni mimi bibi yako, Nyamiaga