Ovaroli Iliyoachwa Kazini

Jumapili, 9 Juni

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Baba ameniambia niyaache.

Kwanza habari nzuri: nimefaulu kuingia kidato cha tatu, na mdogo wangu ameota meno. Mama naye amerudi kutoka hospitali. Daktari anasema ni saratani ya utando wa mapafu, inayoletwa na vumbi la asbesto. Alimuuliza, "Mama, umewahi kufanya kazi pale kwenye kiwanda cha mabati ya asbesto?"

Mama akacheka. "Mimi? Kazi yangu ni kumfulia huyu!" akamwonyesha Baba kwa kidole.

Daktari hakucheka. Aliuliza kama alikuwa akikung'uta ovaroli kabla ya kuiloweka. Nani hakung'uti? Mtaa wetu mzima wa wafanyakazi hufanya hivyo uani, watoto wakicheza palepale. Sasa mke wa fundi mitambo anakohoa, na jirani yake pia. Kule ng'ambo ya kilima, ambako hawafui nguo za kiwanda, sijasikia mgonjwa.

Baba anasema ni bahati mbaya tu. Mimi namfikiria Mama Mkubwa. Ulipokuwa msimamizi pale kiwandani, hakuruhusu ovaroli yako ivuke mlango wa nyumba yenu; uliiacha kazini. Wanawake walimcheka: "Ana maringo huyo, hataki kufua!" Mama alicheka pamoja nao.

Bado natumaini Mama atapata nafuu. Natumaini pia kwamba nimekudhania vibaya. Tafadhali nijibu mara tu uisomapo barua hii: yalikuwa maringo, Baba Mkubwa, au mlijua?

Mwanao akupendaye