Mstari wa Kwanza kwenye Rejista

Mama Neema wangu,

Shikamoo. Miaka sita nilikuamkia kila asubuhi mlangoni pa chumba cha chanjo, na hata siku ulizonuna uliitikia, japo kwa kuguna. Leo naandika salamu hii kwenye karatasi na naona haya, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba anayojua haina mtu. Lakini siwezi kuanza bila hiyo. Wewe mwenyewe ungenirudisha nje niingie upya.

Barua hii haitakaa kwenye bahasha. Kesho Jumatano tunatoka na huduma ya mkoba, tunakwenda kijiji kile kile cha njia ya Mikumi kwenda Kilosa, darasa lile lile, na nitaisoma kwa sauti mbele ya akina mama watakaokuja. Huenda wakawa watatu. Huenda asije hata mmoja, na sababu unaijua kuliko wote.

Unakumbuka nilivyofika pale kituo chetu cha afya? Nilitoka Kimamba na begi moja na cheti cha uuguzi ambacho nilikuwa sijawahi kukitoa kwenye plastiki yake. Wiki ya kwanza niliandika uzito wa mtoto mmoja kwenye kadi ya mwingine, nikatoa wino mweupe wa kufutia nipake. Ukanishika mkono. "Hapana, mwanangu. Kosa hatulipaki rangi. Likate mstari mmoja tu, kilichoandikwa kisomeke, kisha weka sahihi yako. Mtoto huyu akiugua, mwenzako ajue ulikosea wapi." Ulisema mbele ya mama wa mtoto, nikatamani ardhi ipasuke. Jioni ukaniita kwako, ukanipikia ugali na mlenda, ukanicheka mpaka nikacheka na mimi.

Watu wakisikia nesi wanaona sindano na dirisha la dawa. Hawakuoni wewe ukishuka kwenye pikipiki na khanga juu ya gauni jeupe, ukiingia uani kwa mtu na kuulizia kwanza ufuta, kisha mbuzi, kisha mkwe aliyesafiri, na kliniki mwisho kabisa, kama jambo ulilolikumbuka njiani. Nilikuwa nachoka kukusubiri. Siku hizi nafanya vivyo hivyo, ila majina ya wakwe wa watu yananishinda.

Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi kilipoletwa kwetu, nafasi ya mafunzo Morogoro ilikuwa moja, na ilikuwa haki yako. Ukanipa mimi. "Macho yangu yamechoka, nenda wewe." Uongo mtupu, macho yako yalimwona mtoto mwenye homa toka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo nikarudi nikiwa mtu pekee pale kituoni anayeweza kupima. Na kipimo chenyewe ni kifupi: mwanamke analala, muuguzi anamulika taa, anapaka siki, anasubiri dakika moja. Sehemu ikigeuka nyeupe inatibiwa mapema, kabla haijawa saratani.

Siku ile ya kwanza tulitundika khanga kwenye madirisha ya darasa, tukatandika godoro juu ya meza mbili zilizounganishwa. Akina mama walijaa nje, wamekaa kufuata kivuli cha ukuta, na hakuna aliyesogea mlangoni. Ukawatania, "Mnaogopa siki? Si ndiyo hii hii mnayomwagia kachumbari?" Wakacheka, hakunyanyuka mtu. Bi Hadija muuza vitumbua ndiye aliyeuliza, "Na wewe Mama Neema, umeshapima?"

"Ndiyo naingia sasa," ukasema. "Wa kwanza ni mimi."

Ukaingia, ukafunga mlango. Hapa ndipo panaponichoma, mama. Ulisimama kando ya meza, mkono kwenye fundo la khanga yako. Mimi nilikuwa nimeshavaa glavu. Ulikuwa na umri wa mama yangu mzazi, na asubuhi ile nilikuwa nimekuamkia. Wewe ulinizalisha mwanangu, ulishaniona nilivyo, nikipiga kelele na kukutolea maneno ya ovyo, na hukuwahi kunikumbusha. Lakini mimi nikuone wewe? Nikainama nikaanza kupanga pamba ambayo nilikuwa nimeshaipanga. Sikusema, "Panda, mama." Maneno mawili tu, ambayo tangu hapo nimewaambia wanawake wengi hata siwezi kuwahesabu. Ukasubiri. Sasa naamini ulikuwa unasubiri niyaseme, maana mkubwa akijivua mwenyewe mbele ya mdogo anajiona amejidhalilisha, lakini akiambiwa na mwenye kazi yake, anatii. Mwisho ukasema kwa sauti ya chini, "Andika hasi, mwanangu. Sisi tutafanya siku nyingine, tukitulia."

Nikaandika. Jina lako, mstari wa kwanza kwenye rejista, hasi, na sahihi yangu mbele yake. Na nilifurahi, mama. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilishusha pumzi kwamba nimeepuka.

Ukatoka unajifunga khanga upya, ukawaambia, "Hata hakiumi." Wakaingia. Wa kwanza wao alikuwa Bi Hadija, na tulimkuta na doa jeupe, tukalitibu siku ile ile. Yupo, mzima, bado anauza vitumbua. Kila nikimwona nataka kumkumbatia na nataka kumkimbia.

Siku nyingine haikufika. Mara chanjo ya watoto, mara mvua imekata barabara, mara tembo wamelala shambani kwa watu na kijiji kizima kimejifungia ndani. Mara mbili nilianza, "Mama, ile siku yetu..." ukanituma chai. Nikaenda kuleta chai, tena mbio.

Mwaka jana nikaanza kukuona unavaa khanga mbili, kama anayeficha damu. Nikaona unakaa upande. Nimesomea kuona, nikaona, nikanyamaza tena wiki tatu nzima kwa heshima ile ile. Nilipokuja kusema, daktari wa Kilosa hakuzunguka, akasema ni saratani ile ile, akatuandikia rufaa ya Dar. Tukapanda treni ya umeme, wewe dirishani. Tulipopita upande wa Kimamba ukaniambia nimpungie mama yangu mkono, labda ataniona. Nikapunga, kweli, kama mjinga, ukacheka huku umejishika tumbo. Kisha ukaacha kucheka.

"Ule mstari usimwambie mtu," ukasema. "Hata Neema. Wakijua tuliwadanganya hawatarudi."

Nikaapa. Hukuogopa kufa mama, uliogopa lile darasa lisije likawa tupu.

Tulikuzika kwenu Berega. Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wa kijiji waliokuja kukulilia, na nyuma yangu mmoja akasema polepole, "Si ndiye aliyepima wa kwanza? Sasa hicho kipimo ni cha nini?" Sikugeuka. Lilikuwa swali la haki. Na lilirudi kijijini kabla yangu, maana tangu siku hiyo tunatundika khanga na kutandika godoro, tunakaa. Mara ya mwisho nilirudi kituoni na chupa ya siki haijafunguliwa. Ulinyamaza ili waje, mimi nikanyamaza ili warudi, na sasa hawaji.

Halafu Neema wako. Ametimiza miaka thelathini, ana watoto wawili. Nilimwomba aje kupima, akanijibu kwa mdomo wako kabisa, "Dada Mwanaidi, mama alipima akaambiwa mzima. Mimi nipime niambiwe nini?" Siku hiyo sikula.

Juzi nimevunja kiapo. Nilimkuta uani anachambua mchele, nikakaa chini, nikamweleza yote toka mlango uliofungwa mpaka treni. Aliendelea kuchambua mpaka nikadhani hanisikii.

"Kwa hiyo hukumpima."

"Sikumpima."

"Ulimwonea haya."

"Ndiyo."

"Mama yangu amekufa kwa haya."

Sijui kama siku ile ningekuta kitu. Labda palikuwa safi, labda palikuwa na doa la kutibu na kusahau. Sitajua kamwe, na ndicho kinachoniamsha alfajiri kabla ya adhana. Neema akaniambia niondoke kwake. Nilikuwa nimeshafika kwenye kona ya uzio aliponiita toka mlangoni, bila kunitazama.

"Jumatano mnaanza saa ngapi?"

"Saa tatu."

Akaingia ndani. Sijui kama atakuja.

Mganga mfawidhi wa kituo nimemweleza pia. Amesema nitaitwa kuandika maelezo, na nitayaandika. Tuna muuguzi mpya sasa, binti mdogo aliyetoka mafunzoni mwezi uliopita. Ananiamkia shikamoo huku akitazama chini, ananiogopa nilivyokuogopa mimi. Nimemwambia kesho nikimaliza kusoma barua hii nitaingia naye darasani anipime mimi wa kwanza, na asiponiambia "panda" sitatoka mle mpaka jioni. Akacheka akidhani ni utani. Nikamwambia arudie neno hilo mbele yangu. Ilimchukua mara tatu.

Nakukumbuka mama, na nina hasira na wewe. Ungenifokea! Ungesema, "We mtoto, fanya kazi yako," kama ulivyonifokea kwenye mambo mengine yote. Halafu hasira ikipita naona mkono wako kwenye fundo la khanga, na mimi nahangaika na pamba, na ninalia hapa kwenye meza yako mpaka binti huyu anafunga mlango taratibu ili nisijue kwamba ameniona.

Asubuhi hii nimeifungua ile rejista. Kurasa za mwanzo zimeshalegea. Nimelikata neno hasi kwa mstari mmoja, juu yake nikaandika "hakupimwa", nikaweka sahihi yangu. Mstari umepinda, ungenicheka. Jina lako sijaligusa. Linasomeka.

Pumzika, mama. Nisamehe kwa kuwaambia, na kama unaweza, nisamehe zaidi kwa siku ile niliyokunyamazia.

Mwanao wa chumba cha chanjo,
Mwanaidi